Hewa Haba ya Kilomita Sabini na Mbili

Mei 19

Tumefika. Daftari hili nimepewa na dereva wa lori la vyakula kwa sababu kurasa zake za mwanzo zimelowa mafuta ya taa. Niliishia darasa la sita, mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga tope, lakini katika kundi letu la watu kumi na wanane ni mimi na nyapara tu tunaoweza kuandika zaidi ya majina yetu, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Nataka siku zangu zikae mahali. Mwaka jana nilirudi nyumbani Dumka, mke wangu Salge akaniuliza, "Budhrai, huko ulifanya nini miezi yote ile?" Nikakosa la kusema ila, "Nilipasua mawe."

Kambi yetu ya barabara, penye jiwe la kilomita sabini na mbili, ni ile ile: maturubai saba juu ya kuta za mawe, mapipa ya lami, na upepo. Ubao ulio karibu na jiko nao ni ule ule. SIKU MBILI LALA. SIKU MBILI TEMBEA. SIKU MBILI PANDA. Ndipo mtu ashike nyundo. Nyapara wetu Jagdev, Mbihari mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, huusoma kwa kila kundi linaloingia.

"Mita elfu nne na mia tisa!" alitupigia kelele. "Kwenu kwenye mashamba ya mpunga hewa ni uji mzito. Hapa ni maji ya kuoshea chungu. Atakayekimbilia kazi leo, kesho nitamkunja kwenye turubai nimpeleke kwa mama yake. Mmesikia?"

Shemeji yangu Chunu Kisku, mdogo wake Salge, yuko nami. Ni mwaka wake wa pili huku. Siku ya kuondoka Salge alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hafanyi, akasema, "Unamchukua mzima, umrudishe mzima. Mama hana mtoto mwingine wa kiume."

Mei 21

Tumelala. Chunu katapika mara tatu, mimi mara moja.

"Shemeji," kaniambia, "mke wako ni dada yangu. Mbona anayetapika kama mjamzito ni mimi?"

Mei 25

Leo nyundo. Mapigo manane, kisha mtu anasimama ametumbua macho kama anayemsubiri mgeni. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu unainuka umechoka kama uliyelima. Wali haukuiva. Huku maji yanachemka kabla hayajawa moto vizuri. Yanarukaruka sufuriani kwa kiburi, na mchele ndani yake unabaki kokoto. Tunasubiri sufuria la mvuke kutoka bondeni. Nyapara anasema linakuja. Mwaka jana pia lilikuwa linakuja.

Juni 4

Mama mmoja wa wafugaji katufokea leo. Tulikuwa tunang'oa vichaka kwenye mteremko tupate kuni. Ni vichaka vya ajabu: juu ya ardhi vina kimo cha kidole, vimejikunja kama mto wa kulalia, lakini ukichimba unakuta mzizi mnene, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Mzizi huo unawaka vizuri. Huyo mama akatokea na mbuzi wake, joho jeusi hadi kwenye vifundo vya miguu, uso umekaushwa na jua kama ngozi ya ngoma. Kihindi chake ni kibovu kuliko changu, lakini matusi aliyapanga vizuri.

"Wewe una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Arobaini na mmoja, mama."

"Hiki kilikuwa hapa bibi yangu akiwa tumboni. Kila mwaka kinakua kiasi cha ukucha. Kingesimama wima, upepo ungekimaliza, ndiyo maana kikalala, kikapeleka nguvu zake chini. Nanyi watu wa mchele mnachoma bibi zetu mpate chai!"

Chunu naye hajui kunyamaza. "Kwa hiyo na sisi tukae chini ya ardhi, mama?"

"Mtakaa tu. Kwa hivi mnavyohema, hamko mbali."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini sikumpenda. Anaitwa Mama Yangdol. Baadaye alituletea gunia la mavi makavu ya yaki, ng'ombe wao wa manyoya marefu. "Chomeni haya," akasema, akachukua mapipa mawili matupu ya lami bila kuomba.

Juni 5

Upepo.

Juni 22

Jumapili. Mimi na Chunu tulikwenda kwenye mahema ya Mama Yangdol kuchukua mavi ya kuchoma. Tulimkuta akichagua madume. Beberu thelathini na mmoja wako zizini. Wanne wanabaki na mbegu zao, waliosalia wanahasiwa. Nilidhani atachagua wanono. Wanono wote aliwasukuma upande wa kisu. Aliowaacha walikuwa wakondefu wenye vifua vipana na manyoya ya ndani mazito kama ukungu, yale ambayo matajiri wa mbali wanavaa mabegani.

"Huyu kosa lake nini?" nikamuuliza nikigusa beberu mzuri mwenye mgongo kama meza.

"Anakohoa akipanda." Akanionyesha mkondefu mmoja mwenye sikio lililokatika. "Mama yake huyu alipita msimu wa theluji kubwa, miaka minne iliyopita. Nilikuwa na mbuzi mia tatu. Asubuhi moja nikahesabu tisini. Hao tisini ndio walionifundisha nani wa kumwacha. Mlima unachagua, mimi naufuata nyuma na kisu."

Chunu akajifunika kwa mikono miwili. "Mama, mimi sikohoi kabisa!"

Mama Yangdol akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilirudi nikiwa na hasira ambayo sikujua chanzo chake. Kwetu mnyama dhaifu anapewa pumba zaidi. Niliona ni watu wenye roho kavu.

Julai 9

Lami mita arobaini.

Julai 10

Lami mita arobaini. Upepo.

Julai 13

Tumeoga! Nusu saa kwa miguu kuna chemchemi ya moto, inatoka ardhini ikitoa moshi, pembezoni kuna barafu. Mahali inapotokea hapavumiliki hata kwa kidole, lakini mawe ya hapo yamevaa utelezi wa rangi ya chungwa na kijani. Nilidhani ni kutu. Tabibu wa zahanati ya bondeni, aliyekuwa akipita kwa pikipiki, akatuambia utelezi ule una uhai, ni viumbe wadogo wasioonekana, na ukiwatia kwenye maji ya baridi ya kunywa wanakufa kwa baridi.

"Wamefikaje humo?" nikamuuliza.

"Hawakufika siku moja. Wengi walikufa pembeni. Wachache wakavumilia joto kidogo zaidi ya wenzao, wakazaa. Watoto wao wakasogea kidogo tena. Imechukua miaka mingi kuliko unavyoweza kuhesabu."

Chunu alikuwa amezama hadi shingoni. "Basi hao ni vibarua kama sisi," akasema. "Tofauti wao wameshamaliza kuzoea."

Julai 30

Chunu amekuwa kama mbuzi wa huku. Leo alibeba pipa la maji kutoka mtoni bila kusimama, akampita nyapara njiani akimpigia mluzi. "Mlima umeshanijua," akajisifu mbele ya Mama Yangdol.

Mama hakucheka. "Mlima haumjui mtu. Hiyo hewa umeazimwa. Ukishuka unaiacha mlangoni."

Chunu akamwiga anavyotembea na joho lake. Tulicheka sana. Hata mimi.

Agosti 16

Barua imekuja, imeandikwa na mwalimu wa kijijini. Mke wa Chunu kajifungua mtoto wa kike. Mama mkwe anasema mtoto hatapewa jina mpaka baba yake aonekane, na maji ya mvua yamebomoa kingo za shamba lao, hakuna mwanamume wa kuzijenga. Chunu alizunguka kambi nzima akionyesha barua ambayo hawezi kuisoma, akiishika kichwa chini.

Agosti 20

Chunu kaondoka na lori. Mtoto ataitwa Phulo, jina la bibi yake, ndiyo desturi. Nyapara kamwambia awe amerudi kabla ya Septemba kuisha, maana lami ya mwisho lazima imwagwe kabla baridi haijaigandisha pipani. Asipokuwepo, nafasi yake atapewa mtu mwingine, na mwaka ujao ni ya huyo mwingine.

Septemba 8

Sina wa kutaniana naye, nimeanza kwenda kwa Mama Yangdol hata siku ambazo mavi tunayo. Ananipa chai ya chumvi na siagi. Zamani ilinitia kichefuchefu, sasa naitamani.

Leo kanisimulia habari za ng'ombe. Alipokuwa msichana, watu wa mjini walileta ng'ombe wa maziwa kutoka nchi za chini, wakubwa, weupe, viwele kama ndoo. Walisema yaki wanatoa maziwa ya kikombe tu, hawana faida. Baada ya mwezi ng'ombe wale wakaanza kuvimba vifuani. Shingo zikajaa maji. Walikuwa wanasimama wamenyoosha midomo kama wanaotaka kuuliza jambo, kisha wanaanguka.

"Na yaki wako wana nini ambacho hao hawakuwa nacho?"

"Wana wafu wengi nyuma yao," akasema. "Hata yaki wa zamani walivimba. Waliovimba hawakuzaa. Hawa ni wajukuu wa wasiovimba."

Kisha, akikoroga moto, akasema kama anayezungumzia chumvi: "Hata sisi. Mama yangu alizaa tisa, tumebaki wanne. Unadhani hiki kifua nilikiokota njiani?"

Nilikumbuka jinsi nilivyosema wana roho kavu. Nadhani si roho kavu. Ni mtu anayejua bei ya kila kitu alichonacho mwilini.

Septemba 19

Mabata bukini wamepita juu ya vilele wakienda kusini, juu sana, mahali ambapo mimi nisingeweza hata kusimama, na wao wanapiga mabawa na kupigiana kelele juu yake. Nilisimama na beleshi hadi wakapotea. Nyapara akaniuliza kama nataka tiketi.

Septemba 27

Chunu karudi. Treni siku mbili, lori siku mbili, akateremka jioni akiwa amenenepa, mashavu ya wali wa nyumbani, na mfuko wa mchele uliopondwa aliotupatia mama mkwe. Phulo ana nywele nyingi, anasema, na analia kwa sauti ya nyapara.

Sasa niandike hili vizuri, maana mbele yangu mwenyewe sina sababu ya kudanganya.

Nyapara alikuja na kitabu cha majina. Kundi la lami ya mwisho linaanza kesho. Aliyerudi kutoka chini lazima iandikwe kwamba amemaliza siku sita za kupumzika, ama hapa ama kambi ya bondeni. Akipumzika hapa, kundi linaanza bila yeye, na kuna Mnepali anasubiri nafasi.

"Kapumzika bondeni?" nyapara akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayemwandikia Chunu.

Nilimtazama Chunu. Alikuwa anacheka na wenzake, anabeba magunia kama hakuondoka. Nikajiambia: mtu aliyeishi hapa miezi mitatu, katoka wiki tano tu. Ngozi ni ile ile, mapafu ni yale yale. Mazoea hayaozi kwa wiki tano. Sote hapa tunaamini hivyo; kila mwaka wapo wanaokwenda nyumbani kwa sherehe na kurudi, na hulala siku moja, mbili, wakashika nyundo.

"Sita," nikasema. Nikaandika: siku 6, bondeni. Nikaweka sahihi yangu mbele ya jina lake.

Septemba 28

Lami mita hamsini. Chunu kafanya kazi vizuri.

Septemba 29

Chunu anakohoa. Anasema ni moshi wa lami.

Septemba 30

Kikohozi hakijaacha. Kutoka kwenye turubai hadi mapipani amepumzika mara mbili, akijifanya anafunga viatu. Nimemwambia alale. "Wakiniona nimelala watamwita Mnepali," akasema. "Wewe si uliandika sita? Sasa unataka nikuumbue?" Alisema akicheka. Kicheko kikaisha katikati kikawa kikohozi.

Oktoba 1

Theluji tangu asubuhi. Haikupaswa kuja kabla ya wiki mbili. Kazi imesimama. Njia ya malori inapita juu zaidi yetu kwanza, mita elfu tano na mia tatu, ndipo inashuka upande wa pili. Nyapara anasema huko theluji imefika kiunoni. Chunu hataki kula. Midomo yake imekuwa ya buluu, nikajiambia ni mwanga wa turubai, maana turubai letu ni la buluu. Nikamtoa nje. Ilikuwa buluu.

Oktoba 4, zahanati ya bondeni

Nimepata muda wa kukaa na kalamu. Nitaandika yote.

Alfajiri ya tarehe mbili nilisikia maji yanatokota. Nikadhani kuna mtu amewasha jiko. Ilikuwa ni kifua cha Chunu. Alikuwa ameketi, hakuweza kulala chali, na alipokohoa alitema povu jekundu jekundu kwenye kiganja akalitazama, kisha akanitazama mimi, bila utani wowote usoni. Tangu nimjue sijawahi kuuona uso wake bila utani. Sikuutambua.

Nilimwita nyapara. Kambi ina mtungi mmoja wa oksijeni. Tulimfunga Chunu kinyago, akavuta, rangi ikaanza kurudi, mshale wa kipimo cha mtungi ukashuka hadi kwenye mstari mwekundu na kupita. Mtungi ulidumu nusu saa. Nyapara alipiga simu ya upepo kila mahali. Helikopta haiwezi kuruka mpaka wingu liondoke. Wingu litaondoka lini? Labda kesho kutwa.

"Hana kesho kutwa," nikasema.

"Najua," nyapara akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dawa yake ni kushuka tu. Na barabara tuliyoijenga kwa mikono yetu, ili ushuke lazima kwanza upande. Ukimpandisha huyu mita mia nne, utashuka na maiti."

Nilitoka nikakimbia kwenda kwa Mama Yangdol. Nasema nilikimbia, nilianguka nikainuka, nikaanguka. Nilikuta mahema yameng'olewa. Yaki wamepakiwa, mbuzi wamekusanywa, mumewe na wanawe wanapiga miluzi. Theluji ilikuwa imefunika majani, walikuwa wanahamia bonde la majira ya baridi siku ile ile. Nilimwambia kwa Kihindi, na kilipoisha nikamwambia kwa Kisantali, lugha yetu ya nyumbani, ambacho hakijui hata neno moja, na nadhani alielewa zaidi.

"Povu lina damu?"

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia huyo mpumbavu wako aliyeniiga kutembea."

Nikamshika joho. "Mama, mimi ndiye niliyeandika. Ni mimi."

Hakuuliza niliandika nini. Alimtazama mumewe, wakasemezana kwa ukali. Mume alionyesha mbuzi, akaonyesha mbingu. Nilielewa bila mkalimani: kila saa hapa ni mbuzi. Mama akaenda kwa dume jeusi kubwa la yaki lililokuwa mbele ya msafara, analiita Nakpo, akalishusha mizigo yote theluji ikiwa inaanguka juu ya mablanketi yake.

"Kuna njia ya mto," akasema. "Gari halipiti. Huyu anapita."

Tulimketisha Chunu juu ya Nakpo, mimi nikamshikilia kiunoni nikitembea pembeni, Mama mbele na kamba. Korongo lile, hata mtu angeniambia ni njia nisingeamini. Mahali theluji ilipofika kifuani, Nakpo aliinamisha kichwa akaisukuma kwa kifua chake kama boti, akapumua kwa utulivu, mvuke wake wa polepole, hana haraka, hana hofu, kana kwamba dunia yote imetengenezwa kwa kipimo cha mapafu yake. Juu yake mtu wangu anakufa kwa kukosa kile kile ambacho mnyama yule anakivuta na kubakiza. Nilimchukia yule yaki. Nilimchukia kwa sababu ya babu zake wote walioanguka ili yeye asimame. Nikawaza: Chunu naye ni wa kufa ili baada ya miaka elfu watoto wa watoto wa mtu fulani wapumue vizuri? Mimi sina miaka elfu. Nina Chunu mmoja.

"Mwongeleshe!" Mama akafoka. "Asilale!"

"Chunu, Phulo ana nywele za namna gani?"

Kichwa kilikuwa kinacheza shingoni.

"Chunu! Mwanao analia kama nani?"

Midomo ikasogea. Sikusikia kitu.

Tulishuka tangu asubuhi. Sijui ni lini theluji ilianza kupungua. Theluji ikawa ya magotini, ya vifundoni, kisha mawe matupu na jua, kwa maana wingu lilikuwa limeishia vileleni nyuma yetu. Nikaona mti. Mti wa kwanza tangu Mei, mreteni mdogo uliopinda. Nikatazama mkono wa Chunu uliokuwa umeshika manyoya, na kucha zake zilizokuwa kama zabibu zilikuwa zimeanza kuwa kucha za mtu. Akavuta pumzi, mtokoto ukiwa bado ndani, lakini akaivuta hadi mwisho.

Hapo hapo Nakpo akaanza kuhema. Ulimi ulitoka nje kama wa mbwa. Jua lilikuwa linapiga kuta za korongo, na lile koti lake la baridi kali halivuliki. Akatembea hatua kumi akasimama. Hatua tano. Kisha akapiga magoti, taratibu, na Chunu juu yake, akakataa.

Mama Yangdol alimpapasa kati ya pembe. "Mwisho wake ni hapa," akasema. "Tangu azaliwe hajafika chini hivi. Nikimlazimisha, moyo utapasuka."

Mahali mmoja alipopata pumzi, mwingine aliipoteza. Niliona kwa macho yangu, hatua zisizozidi mia.

"Bado kilomita sita," Mama akasema. "Njia ni nzuri. Wewe ni punda wa mchele, chini ya hapa wewe ndiye mwenye nguvu." Akanifungia Chunu mgongoni kwa kamba ya Nakpo, kama wanavyofunga watoto. Nilitaka kumshukuru. Alikuwa ameshageuka, anamwagia yaki maji ya mto kwa mikono.

Kilomita sita zile sizikumbuki vizuri, ila nakumbuka kwamba kila nilipoteremka nilizidi kupata nguvu, na mara moja sauti ilisema sikioni mwangu, dhaifu kama ya mzee:

"Shemeji. Unanuka lami."

Nikalia huku natembea.

Tabibu, yule wa pikipiki, alimtia mipira ya oksijeni puani akamchoma sindano. Kisha akachukua faili.

"Alipumzika siku ngapi alipopanda?"

"Sita," nikasema. Ulimi ulikuwa umeshazoea. Kisha nikasema, "Hapana. Hata moja. Niliandika mimi."

Akaandika. Hakunitazama.

Oktoba 5

Analala chali. Kala uji.

Oktoba 8

Nyapara kaja, barabara imefunguliwa. Nilimsubiri nje nikamwambia kuhusu ile sita, nikamwambia anifukuze.

"Nilijua," akasema, akachomoa sigara. "Tiketi yake ya treni ilikuwa ya tarehe ishirini na tatu. Hata mimi najua kuhesabu. Nilitaka lami imwagike." Akavuta moshi kwa muda mrefu. Wakati wote wa Mei nilimwona mwenye kelele tu, kisha nikamwona mwema. Sasa sijui nimwoneje. Nadhani tunafanana.

Kaniletea pia habari za Mama Yangdol. Walichelewa siku moja na nusu. Mbuzi kumi na wanne wamekufa njiani, na beberu wa sikio lililokatika ni mmojawapo.

Oktoba 11

Chunu anatembea uani. Anamtania mfagizi. Kesho kuna basi la kwenda chini, hadi kwenye treni.

Jioni tabibu kaniita pembeni. Kasema mapafu yatapona kabisa, kijijini atalima kama zamani. Lakini aliyejaa maji mara moja hujaa tena, upesi zaidi. Asipande tena huku. Si mwakani, si siku yoyote.

"Nimwambie mimi au utamwambia wewe?"

Nikasema nitamwambia.

Oktoba 12

Nilikusudia kumwambia asubuhi. Sikumwambia. Nilimfungia mzigo, nikamnunulia mayai. Kituoni alipanda akakaa kwenye dirisha la basi, sweta la msaada limemzidi mabega, anapumua kama ndama, bila sauti.

"Nyapara atanitunzia nafasi ya Mei?" akauliza. "Mkumbushe. Safari hii nitalala siku zote sita, hata kumi, akitaka aniimbie."

Ningeweza kusema, nitamkumbusha. Lilikuwa ni neno moja, kama lile la kwanza.

"Hutapanda tena, Chunu. Tabibu kasema. Ukipanda utakufa."

"Umemsikia vibaya. Kihindi chako cha kokoto hicho."

"Nimemsikia vizuri."

Alicheka, akangoja nicheke. Halafu akaacha. Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Chunu alitazama mikono yake, yenye lami bado kwenye mikunjo.

"Shamba letu unalijua," akasema. "Mpunga unatufikisha Februari. Mwaka wa mvua nzuri, Machi."

"Najua."

"Sasa kwetu nikale nini, shemeji? Hewa?"

Basi likaondoka. Nilitembea nalo hatua chache nikiwa nimeshika ukingo wa dirisha, hadi mkono ukaachia.

Lori la kurudi juu limeondoka saa nane mchana, nami nimo. Zimebaki siku kumi na tisa za kazi. Nimekaa chini siku kumi, kwa hiyo kwanza nitalala siku mbili, nitembee mbili, nipande mbili, nyapara atake asitake. Kifua kimeanza kunibana hapa tulipo, na bado tunapanda.